Hsp104 haikuweza peke yake

Yai likishachemka, limechemka. Wanabiolojia wengi waliziona protini hivyo hivyo: joto likizivuruga zikagandamana, basi, takataka. Hamira ndiyo iliyowabishia.

Mwaka 1990, Yolanda Sanchez na Susan Lindquist, Chicago, waliondoa jeni ya Hsp104 kwenye seli za hamira. Hata zilipozoeshwa joto kwanza, kwenye nyuzi 50 zilikufa upesi mno kuliko seli za kawaida. Mwaka 1994 siri ikajulikana: Hsp104 hufumua madonge ya protini.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Kwenye mirija ya maabara, Hsp104 peke yake haikufua dafu. Mwaka 1998 John Glover na Lindquist wakaichanganya na Hsp70 na Hsp40, ambazo ni shaperoni, yaani protini zinazosaidia nyingine zijikunje sawasawa. Kimeng'enya cha kimulimuli kilichokwishagandamana kikafumuka, kikajikunja upya, kikawaka tena! Na bila Hsp104, hizo mbili nazo zilikwama. Leo tunajua kwamba Hsp70 na Hsp40 huifikisha Hsp104 kwenye donge, nayo huvuta uzi wa protini kupitia tundu lake la katikati.

Sisi binadamu, bahati mbaya, Hsp104 hatuna. Madonge yetu tunawaachia Hsp70, Hsp40 na Hsp110.