Majimoto, mwarubaini na minazi ya mama

Miaka kadhaa iliyopita niliwaua majimoto wa minazi ya mama, na mpaka leo nikikumbuka najuta. Mkwezi alikuja kuangua, akapanda mnazi wa kwanza, hakufika hata nusu akashuka mbio huku akijikung'uta mapaja. "Sheikh, mimi sikwei tena mpaka muwatoe hawa," akasema. Mama alitegemea nazi zile kwa sukari, unga na dawa zake za presha. Mimi ndiye niliyekuwa na diploma pale nyumbani, nikajiona jawabu ninalo. Viota vilivyokuwa kwenye mwembe na milimau nikavichoma kwa kijinga cha moto, na mashina ya minazi nikayapuliza dawa ya dukani. Mkwezi akarudi, nazi zikaanguliwa, kila mtu akafurahi.

Furaha haikudumu. Baada ya miezi michache vidaka vilianza kudondoka vikiwa vidogo, vingine vina makovu na utomvu ulioganda kama gundi. Kila asubuhi mama alikuwa akifagia vidaka. Majirani wakasema ni jicho. Jicho ni haki, hilo silikatai, lakini jicho halitobei kidaka likaacha alama ya mdomo.

Mwenye mdomo ule ni mdudu wa hudhurungi, wa jamaa ya kunguni, urefu wake kama sentimita moja na nusu. Hufyonza maji ya vidaka, na mate yake huwa sumu kwa tunda. Wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi, jina alilopewa kwa heshima ya mtafiti Muingereza, Michael Way, aliyefanya kazi Zanzibar katika miaka ya 1950. Hushambulia pia mikorosho, miembe na mipera. Wadudu wachache tu katika mnazi mmoja wanatosha kuangusha sehemu kubwa ya mazao, ndiyo maana ukitazama juu huoni kitu. Na adui yake mkubwa ni nani? Ni majimoto wale wale niliowachoma.

Majimoto ni chungu wekundu wanaoshona majani mabichi kwa uzi unaotoka kwa watoto wao, wakafanya viota juu ya mti. Huwinda mchana kutwa. Elimu hii si ya jana: Wachina wameandika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kuhusu watu waliokuwa wakinunua viota vya jamaa za majimoto na kuviweka kwenye michungwa yao.

Kuwarudisha kulinichukua muda kuliko kuwaua. Usiku, wakati wametulia, nilikata viota kwenye shamba la jirani (kwa ruhusa yake), nikavitia kwenye gunia na kuvifunga juu ya milimau. Ni muhimu viota vyote vitoke katika koloni moja, maana wa koloni mbili wakikutana watapigana mpaka wamalizane. Kisha nikafunga kamba kutoka mti hadi mti wapate njia ya kupita bila kushuka chini. Chini kuna adui yao, wale chungu wadogo wa hudhurungi wanaojenga kwenye mashina ya minazi na kuwafukuza majimoto. Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza: shamba lililopaliwa likabaki mchanga mtupu huwafaa zaidi wale wadogo. Utafiti uliofanywa Zanzibar na Tanzania bara ulionyesha kuwa ukiacha majani yafunike ardhi, wale wadogo hupata chakula chini na hupunguza kupanda minazi. Kwa hiyo siku hizi nafyeka, sipalii. Wapo wanaonisema kuwa shamba limenishinda.

Majimoto wana kasoro yao. Hufuga wadudu wadogo wanaong'ang'ania majani, kwa kuwa huwapa maji matamu, basi usishangae kuona baadhi ya majani ya mlimau yakiwa meusi. Mimi naona hasara hiyo ni ndogo.

Kwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba, majimoto hawanisaidii sana. Huko tegemeo langu ni mwarubaini, mti uliojaa mitaani kwetu na ambao watu huufanyia kivuli tu. Majani yana nguvu kidogo. Nguvu iko kwenye kokwa. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama, osha, anika kivulini mpaka zikauke kabisa. Zikiota ukungu, tupa. Menya, twanga kwenye kinu usichopikia, chukua gramu 50 kwa kila lita ya maji na uloweke usiku mzima. Asubuhi chuja kwa kitambaa, weka penye kivuli, na jioni tia sabuni kidogo upulize. Kwa nini jioni? Kwa sababu jua huivunja dawa hii haraka. Piga na chini ya majani, maana huko ndiko wadudu wanakojificha. Rudia kila wiki, na kila baada ya mvua.

Watu wengi huacha baada ya siku mbili wakisema haifanyi kazi. Mwarubaini hauui papo hapo. Humkosesha mdudu hamu ya kula na humzuia kujivua gamba akue. Viwavi kwenye sukuma wiki utawaona bado wapo, lakini hawali. Osha mboga vizuri kabla ya kupika, na maji hayo usiyanywe kama dawa. Wengine huloweka tumbaku. Mimi situmii: ni sumu hata kwa mpulizaji, na inaweza kuleta virusi kwenye tungule.

Tungule zina ugonjwa mwingine ambao hauna dawa, uwe ya dukani au ya mti. Mmea unanyauka ghafla ukiwa bado kijani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni bakteria wa udongoni. Ng'oa mmea, choma, usiutie kwenye mboji, na mahali hapo usipande tena tungule, mabiringani, pilipili wala mbatata kwa miaka kadhaa. Panda mahindi.

Na embe zilizodondoka zikiwa na funza tafadhali usiziache chini. Yule nzi mgeni kutoka Asia, aliyegunduliwa mara ya kwanza Kenya hapa hapa Pwani mwaka 2003, huzaliana humo. Zifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uziache juani siku kadhaa, au uzifukie nusu mita kwenda chini. Na umwambie jirani afanye hivyo, maana nzi hajui ua.

Minazi ya mama imerudi kuzaa, alhamdulillahi, ingawa ilichukua zaidi ya mwaka. Mkwezi sasa hujipaka jivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda, na anadai shilingi kumi zaidi kwa kila mti. Mama humlipa bila ya kubishana.