Jeti Yetu Iligeuka Mtumba wa Wazungu

Wasee, hapa Nakuru mitumba tunaijua. Jaketi inavaliwa Uingereza, wanaichoka, inakuja huku, unaipata kwa mia mbili. Leo skizeni stori ya mtumba uliosafiri kinyume.

Jeshi la Anga la Kenya lilianza tarehe 1 Juni 1964, bila jeti hata moja. Mwaka wa 1971 zikafika Strikemaster sita kutoka Uingereza. Ni jeti ndogo, ya injini moja, watu wawili wanakaa bega kwa bega. Ilitokana na ndege ya mafunzo, ikaongezewa silaha. Usiicheke. Kwa nchi iliyokuwa na miaka michache tu ya uhuru, hiyo ilikuwa heshima.

Mwaka wa 1988 zilizobaki zikauziwa Botswana. Botswana nayo ikapata F-5 kutoka Kanada mwaka wa 1996, ikazistaafisha. Hapo ndipo raia wakaingia. Angalau moja ya zile zetu ilirudi Uingereza ikasajiliwa kama ndege ya kiraia. Huko, ukiwa na pesa, leseni na kibali, unaweza kumiliki jeti ya kivita iliyostaafu, isiyo na silaha, na uirushe kwenye maonyesho.

Si mchezo salama. Agosti 2015, kwenye maonyesho ya Shoreham, Hawker Hunter ya kiraia ilianguka barabarani ikaua watu 11. Hunter pia Kenya iliwahi kuwa nazo. Baada ya hapo sheria zilikazwa.

Sina ubaya na huyo mzungu. Aliuziwa, akanunua. Lakini mashabiki wa ndege kule wanajua namba ya kila jeti na nchi zote ilizopitia. Mimi nimekulia Lanet, karibu na kambi ya jeshi, na hii stori sikuisikia darasani hata siku moja. Niliipata kwa simu, saa nane usiku, bando ikikaribia kuisha. Ndege zilinunuliwa na kodi ya babu zetu, halafu kumbukumbu yake inatunzwa na wageni.

Mafundi waliozihudumia sasa ni wazee. Pengine mmoja ni jirani yako hapo Section 58 ama Free Area. Wikendi hii msalimie, mwambie, "Mzee, naomba unisimulie za kazini." Washa rekoda ya simu, kisha unyamaze. Tusingoje kuyasoma kwenye tangazo la kifo.