Ubatizo na kuwekwa wakfu kwa mtoto

Ubatizo ni tendo la maji linalomwingiza mtu katika Kanisa. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri hubatiza hata mtoto mchanga: humiminiwa maji kichwani kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, wazazi na wasimamizi wakikiri imani kwa niaba yake. Kwa Wakatoliki, penye hatari ya kufa, yeyote aweza kubatiza. Ndivyo Mkristo Karoli Lwanga, mlei (asiye padri), alivyombatiza kijana Kizito huko Munyonyo, Uganda, Mei 1886, siku chache kabla ya wote wawili kuchomwa moto Namugongo kwa ajili ya imani yao.

Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste wengi husubiri mtu aamini mwenyewe, kisha humzamisha mwili mzima, mtoni, ziwani au birikani. Mtoto wao huwekwa wakfu bila maji, kwa mfano wa Hana katika Biblia, aliyemtoa mwanawe Samweli kwa Mungu. Anayeweka nadhiri hapo ni mzazi.