Mawe Nayo Yalihama

Sisi vijana tunaoishi Gitega mjini na katika kambi ya Gasorwe, Muyinga, tumezoea swali moja: "Ninyi mnatoka wapi?" Leo hebu tuwaulize mawe.

Kule Uingereza kuna mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa duara. Panaitwa Stonehenge. Katikati limelala jiwe moja la tani 6 hivi, urefu wake karibu mita 5. Kwa miaka mingi wataalamu walisema limetoka Wales. Kumbe sivyo! Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba lilitoka kaskazini mwa Scotland, karibu kilomita 750.

Walijuaje? Jiwe hilo ni la mchanga, na mchanga wake una chembe ndogo za madini yanayoitwa zirkoni. Ndani ya zirkoni kuna urani, ambayo inageuka kuwa risasi polepole sana, kwa mwendo usiobadilika. Ukipima vyote viwili unapata umri wa chembe. Halafu unalinganisha umri wa chembe nyingi na miamba ya sehemu mbalimbali, mpaka upate unaofanana. Wengi wetu vyeti vyetu vilibaki nyumbani tulipokimbia. Jiwe lile halikuhitaji cheti.

Sasa turudi huku kwetu. Kenya, magharibi mwa Ziwa Turkana, katika kaunti ileile yenye kambi ya Kakuma, kuna makaburi ya Lothagam Kaskazini. Yalijengwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, kama miaka 5,000 iliyopita. Mvua zilikuwa zimepungua, ziwa linarudi nyuma, na wao ndio kwanza wanaizoea nchi ile. Walichimba shimo kubwa, na kwa mamia ya miaka wakazika humo watu wasiopungua 580. Mwishoni wakalifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo za mawe juu yake. Baadhi ya nguzo zilitolewa umbali wa karibu kilomita 1. Ni kidogo ukilinganisha na ile 750, lakini jaribu kuibeba wewe!

Watafiti walioeleza habari hizi mwaka 2018 walikuta wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga wamelala pamoja, karibu wote na mapambo yao. Hakuna kaburi la mkubwa lililotengwa.

Tunasikia watu wakisema mkimbizi hawezi kujenga kitu cha kudumu, eti kesho hajui atakuwa wapi. Wafugaji wale nao walihamahama na mifugo, hawakuwa na uhakika wa mvua, na kazi yao ipo mpaka leo.

Kwa hiyo ninyi mnaotusaidia, mkijaza fomu, tuulizeni tunatoka wapi, ni haki yenu. Ila ongezeni swali la pili: hapa tulipo, tunajenga nini? Nanyi vijana wenzetu, tujibu hilo la pili hapa chini.