Hoiho wa bara na wa visiwani: historia iliyoandikwa mara mbili

Kwa muda mrefu watu wa New Zealand waliamini kwamba hoiho, pengwini mwenye macho ya manjano anayeonekana kwenye noti yao ya dola 5, ni mabaki ya kundi kubwa lililojaa pwani za Kisiwa cha Kusini kabla binadamu hajafika. Imani hiyo ilitikiswa na mifupa. Mwaka 2008 Sanne Boessenkool wa Chuo Kikuu cha Otago na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale, wakasema baadhi yake ni ya pengwini mwingine, mwenye umbo dogo kidogo, wakampa jina la waitaha. Kwa maelezo yao, waitaha alimalizwa baada ya Wapolinesia kuhamia huko mwishoni mwa karne ya 13, ndipo hoiho akapanda kutoka visiwa baridi vya kusini, Auckland na Campbell, kuja kujaza pengo. Simulizi hiyo ilipendwa, kwa kuwa ilieleza mengi kwa maneno machache. Hata hivyo ilitegemea zaidi vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake, yaani upande mmoja tu wa ukoo. Ninaamini kwamba kiumbe aliye hatarini hastahili kuamuliwa hatima yake kwa ushahidi wa upande mmoja, na yaliyofuata yanathibitisha hilo.

Jenomu za kwanza za pengwini, yaani ramani za vinasaba vyote, vya baba na vya mama, zilikuwa za Adélie na emperor, na zilitangazwa mwaka 2014. Kufikia 2019 ushirikiano wa watafiti wa nchi kadhaa ulikuwa umekamilisha zile za spishi zote za pengwini zilizo hai, hoiho akiwemo. Mwaka huohuo timu nyingine ilimshusha waitaha daraja, kutoka spishi kamili hadi nususpishi ya hoiho. Kisha ikaja kazi kubwa zaidi: kusoma jenomu za hoiho zaidi ya 200, wa bara na wa visiwani, na kuzilinganisha. Jibu lilipindua maelezo ya 2008. Hoiho wa kaskazini (yaani wa bara), wa Auckland na wa Campbell ni koo tatu zilizoachana kati ya miaka 5,000 na 16,000 iliyopita, enzi ambazo hakuna mtu aliyekuwa ametia mguu New Zealand. Kwa hiyo ndege wa bara si mgeni wa juzi. Ana ukoo wake mwenyewe, uliokua peke yake kwa maelfu ya miaka.

Wapo watakaosema kwamba pengwini hafi kwa kukosa jenomu. Anakufa kwa kukosa samaki, kwa kunaswa na nyavu, kwa kuliwa na wanyama walioletwa na wazungu kama kicheche, na kwa maradhi. Basi fedha ziende huko. Sibishani nao kuhusu samaki. Lakini ulinzi hupangwa kwa kufuata kile kinachodhaniwa kuwa kitapotea. Maadamu hoiho wa bara alionekana kama mhamiaji wa karne chache, ilikuwa rahisi kujifariji kwamba akitoweka, wa kusini watakuja tena kama walivyokuja kwanza. Faraja hiyo sasa haina msingi. Zaidi ya hayo, ugonjwa wa kupumua unaoua vifaranga umeonekana kwa hoiho wa bara tu, na ulinganisho wa jenomu umewaelekeza watafiti kwenye jeni za kinga na za mapafu. Wanaowatibu vifaranga hao wasingepata dokezo hilo kwa kuhesabu viota.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: ikiwa sayansi imejikanusha ndani ya miaka isiyofika 20, kwa nini tuiamini mara hii? Tutazame kilichobadilika na ambacho hakikubadilika. Tarehe ya kuachana imesogezwa nyuma sana. Utengano wenyewe haujatiliwa shaka: tangu 2009, kwa mbinu ya zamani, Boessenkool na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba ndege wanaovuka kutoka visiwani kwenda bara ni nadra mno. Mbinu mbili tofauti zimekubaliana juu ya jambo linalogusa uhai wa ndege hawa leo. Viota vya kundi la kaskazini sasa havifiki 200, na idadi hiyo haifai tena kufichwa ndani ya jumla moja na ile ya visiwa vya kusini.