Wakfu wa Familia Mbele ya Jaji Mgeni: Hukumu ya Bengal Iliyofika Mombasa na Zanzibar

Katika fikihi, yaani elimu ya kuchambua hukumu za dini kutoka Kurani, Hadithi na juhudi za wanazuoni, wakfu ni tendo la mtu kuifunga asili ya mali yake isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, huku mapato ya mali hiyo yakielekezwa kwa watu au kwa jambo la kheri bila kikomo cha wakati. Msingi wake hurejeshwa kwa Umar bin al-Khattab, ambaye alipata ardhi huko Khaybar, akamwendea Mtume kutaka shauri, naye akamwelekeza aizuie ardhi yenyewe na kuyatoa sadaka mazao yake. Hadithi hiyo inapowataja waliopewa mazao hayo, inawataja mafukara, wasafiri na wageni, lakini pia jamaa wa Umar mwenyewe. Jambo hilo la jamaa ndilo lililokuja kugombaniwa katika mahakama za Calcutta, London, Mombasa na Zanzibar kwa zaidi ya miaka 50, na historia ya ugomvi huo inaonyesha vizuri kuliko nadharia yoyote jinsi sheria ya jamii za Kiislamu ilivyobadilishwa katika zama za ukoloni.

Wanazuoni walizoea kugawa wakfu katika mafungu mawili. Wakfu wa kheri ni ule ambao manufaa yake huanzia moja kwa moja kwenye jambo la umma, kama msikiti, kisima, madrasa au makaburi. Wakfu wa dhuria, unaoitwa pia wakfu wa ahali au wakfu wa familia, ni ule ambao mwekaji huanza na watoto wake, kisha wajukuu na vizazi vinavyofuata, na kizazi chote kikimalizika ndipo manufaa yawaendee maskini au msikiti. Kwa mtazamo wa fikihi tofauti hii ni ya mpangilio tu, kwa sababu kumlisha mtoto na kumsitiri mjane ni sadaka, na sadaka hiyo ina thawabu mbele ya Mungu kama ile anayopewa mtu wa mbali. Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja, nyumba za mawe, minazi na mashamba viliwekwa wakfu kwa njia zote mbili, na mara nyingi hati moja ilitaja msikiti na watoto kwa pamoja.

Haifai kudai kwamba wakfu wa familia haukuwa na kasoro. Mgawanyo wa mirathi katika Uislamu umewekwa kwa mafungu maalumu, na baba aliyeweka nyumba yake wakfu kwa wanawe wa kiume peke yao alikuwa akimnyima binti fungu ambalo Kurani yenyewe ilimpa. Mwenye madeni naye aliweza kuifunga mali ili wadai wasiifikie. Wanazuoni walizijua hila hizi na walizijadili kwa urefu. Hata hivyo wakfu huohuo ndio uliozuia nyumba ya ukoo isikatwe vipande vidogo hadi isimfae mtu, na ndio uliompa mjane na yatima chumba ambacho hakuna shemeji wala mkopeshaji aliyeweza kukiuza.

Sheria ya Uingereza ilikuwa na fikra mbili zilizopingana na mpango huu. Ya kwanza ni kanuni ya kuzuia umilele, iliyojengwa na mahakama za Kiingereza tangu karne ya 17, ambayo ilimkataza mtu kuifunga mali kwa ajili ya familia yake kupita muda wa uhai wa mtu aliyekuwapo na miaka 21 zaidi. Ya pili ni maana finyu ya kheri, iliyotokana na sheria ya mwaka 1601 ya enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambamo kheri ni manufaa ya umma na ndiyo pekee inayoruhusiwa kudumu milele. Kwa jaji aliyelelewa katika fikra hizo, hati inayowataja watoto kwanza na maskini mwishoni ilionekana kuwa hila ya kukwepa kanuni ya umilele, na maskini walionekana kutajwa kwa jina tu.

Hayo ndiyo yaliyotokea katika shauri la Abul Fata, lililoamuliwa mwaka 1894 na Baraza la Faragha, yaani kamati ya majaji jijini London iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni yote ya Uingereza. Ndugu wawili wa Bengal walikuwa wameandika hati ya wakfu mwaka 1868, wakajiweka wenyewe kuwa wasimamizi, wakawataja watoto wao na vizazi vyao, na baada yao wajane, yatima na maskini. Hukumu iliyosomwa na Lord Hobhouse ilisema kwamba zawadi kwa maskini ilikuwa ya mbali mno, kwamba ilikuwa kivuli tu cha kheri, na kwa hiyo wakfu ule ulikuwa batili. Jambo zito zaidi ni kwamba majaji hawakusema wanatumia sheria ya Kiingereza. Walisema wanatamka sharia ya Kiislamu kama ilivyojulikana na kutumika India.

Ndani ya mahakama hizohizo alikuwapo mtu aliyejua kwamba sivyo. Syed Ameer Ali, jaji Mwislamu wa Mahakama Kuu ya Calcutta na mwandishi wa vitabu juu ya sheria ya Kiislamu, alikuwa ameandika mwaka 1892 maoni ya kupinga wenzake, akionyesha kutoka Hadithi na vitabu vya fikihi kwamba kuwatunza jamaa ni kheri yenyewe, wala si pazia la kufichia jambo jingine. Baraza la Faragha lilimsoma na halikukubaliana naye. Miaka mitatu tu baada ya hukumu ya Abul Fata, mwaka 1897, katika shauri lililohusu matunzo ya mjane, Baraza hilohilo lilitamka kwamba haifai mahakama kuweka tafsiri yake yenyewe ya Kurani dhidi ya wafasiri wa kale wenye mamlaka. Kama kanuni hiyo njema ingetumika mwaka 1894, hukumu ya Abul Fata isingewezekana.

Sehemu ya kosa ilitokana na njia ambayo fikihi iliwafikia majaji. Kitabu kilichotegemewa zaidi India kilikuwa Hidaya cha al-Marghinani, mwanazuoni wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 1197, nacho kilikuwa kimetafsiriwa kutoka Kiarabu kwenda Kiajemi, kisha Charles Hamilton akakitoa Kiajemi kwenda Kiingereza mwaka 1791. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yalipatwa na mambo kama hayo: Minhaj ya Imam Nawawi ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1914, si kutoka Kiarabu, bali kutoka tafsiri ya Kifaransa iliyofanywa na mwanasheria wa Kiholanzi aliyehudumu katika makoloni ya Uholanzi ya Asia. Fikihi ni mjadala unaoendelea baina ya walimu na wanafunzi, wenye kauli yenye nguvu na kauli dhaifu, na kadhi aliyeketi miaka mingi mbele ya shehe wake huijua tofauti hiyo. Ilipofinywa ikawa kitabu kimoja kilichopita lugha mbili au tatu, ilifanana na sheria ya bunge, yenye vifungu vya kusomwa neno kwa neno na mtu yeyote mwenye shahada ya uwakili.

Waislamu wa India hawakunyamaza. Mwanazuoni Shibli Nomani aliendesha kampeni ya kukusanya rai za maulamaa kuhusu wakfu wa watoto, na mwaka 1911 Muhammad Ali Jinnah, wakili kijana wa Bombay, aliwasilisha mswada katika Baraza la Kutunga Sheria la India. Mswada huo ukawa sheria mwaka 1913, ukitamka kwamba wakfu kwa ajili ya familia ni halali alimradi manufaa ya mwisho yamewekewa maskini au jambo jingine la kudumu la dini. Mahakama zilikataa kuitumia sheria hiyo kwa hati za kabla ya 1913, ikabidi itungwe nyingine mwaka 1930 ili kuzikomboa hati hizo za zamani.

Algeria nayo iliyapitia mambo hayo, tena mapema zaidi. Amri ya Kifaransa ya mwaka 1844 ilitamka kwamba mnunuzi wa Kizungu hawezi kunyang'anywa ardhi kwa hoja kwamba ilikuwa wakfu, ambao Maghribi huitwa hubusi. Huko sababu haikufichika: walowezi walitaka ardhi.

Swali la haki ni jinsi hukumu ya Bengal ilivyofika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako watu hawakuwa Mahanafi wala raia wa India. Jibu limo katika namna Waingereza walivyoitawala pwani hii tangu mwanzo, wakiiona kama upande wa pili wa bahari ya India yao. Rupia ilikuwa fedha ya soko, sheria za India za jinai, mikataba na uhamishaji wa mali zilitumika hapa, na kwa miaka mingi rufaa kutoka mahakama ya Kiingereza ya Zanzibar zilipelekwa Bombay. Makadhi walibaki, lakini juu yao ziliwekwa mahakama zilizofuata kanuni ya Kiingereza ya uamuzi uliotangulia, yaani mahakama ya chini hufungwa na hukumu ya mahakama iliyo juu yake hata kama haikubaliani nayo. Makamishna wa wakfu waliwekwa na serikali Zanzibar na Kenya, na kadhi aliyekuwa mwangalizi wa wakfu za mji wake akageuka mshauri.

Kwa hiyo mwaka 1946, katika shauri la el-Riami dhidi ya Makamishna wa Wakfu wa Zanzibar, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilijiona imefungwa na hukumu ya Abul Fata, ingawa Zanzibar ilikuwa nchi ya Mashafi chini ya Sultani wa madhehebu ya Ibadhi, na ingawa India yenyewe ilikwisha kuikataa hukumu hiyo kwa sheria tangu 1913. Sheria ya Jinnah haikuvuka bahari, na hukumu iliyoisababisha ilikwisha kuvuka. Kisha shauri la familia ya Bakhshuwen, lililotoka Kenya, lilifika Baraza la Faragha na kuripotiwa mwaka 1952. Mawakili walieleza kwamba Mashafi wana fikihi yao, lakini Baraza lilishikilia kwamba maana ya wakfu iliyotamkwa mwaka 1894 inawahusu pia Waislamu wa Afrika Mashariki. Mtaalamu wa Kiingereza wa sheria ya Kiislamu, J. N. D. Anderson, aliyezunguka makoloni ya Afrika na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1954, aliandika bila kuficha kwamba mkondo huo wa hukumu ulikuwa kosa dhidi ya sharia yenyewe.

Tiba iliyopatikana ilikuwa ileile ya India. Zanzibar ilitoa dikrii ya kuhalalisha wakfu wa familia mwaka 1946, na Kenya ikatunga Sheria ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951. Sheria ya Kenya ilikwenda hatua moja mbele kwa uangalifu unaostahili sifa, kwa kuwa ilikubali kwamba kukosekana kwa fungu la mwisho la maskini katika hati hakubatilishi wakfu ikiwa madhehebu ya mwekaji hayalidai fungu hilo. Katika sentensi hiyo Mashafi walisikika hatimaye.

Hata hivyo kilichorudi hakikuwa kile kilichochukuliwa. Kiswahili kina neno sharia, kwa maana ya njia ya dini, na neno sheria, kwa maana ya kanuni za dola, na tofauti ya irabu moja inabeba historia yote hii. Kabla ya 1894 wakfu wa familia ulikuwa halali kwa sababu wanazuoni walisema ni halali; baada ya 1951 ulikuwa halali kwa sababu kifungu kilisema hivyo, na kinachotolewa kwa kifungu huweza kuondolewa kwa kifungu. Nchi zinazotawaliwa na Waislamu zilithibitisha jambo hilo katika miaka hiyohiyo. Syria ilifuta wakfu wa familia mwaka 1949, na Misri, iliyokwisha kuuwekea mipaka mwaka 1946, iliufuta mwaka 1952, wiki chache baada ya maofisa wa jeshi kushika madaraka na kuanza kugawa ardhi ya mabwana wakubwa. Huko waliofuta walikuwa Waislamu, wakiwa na sababu za uchumi walizozieleza hadharani, na mtu anaweza kuzipinga sababu hizo bila kudai kwamba zilifichwa nyuma ya jina la Mtume. Kosa la 1894 lilikuwa la aina nyingine, nalo ni zito zaidi: jaji aliibadilisha sharia ya watu, kisha akawaambia kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Huko Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964 na utaifishaji wa nyumba nyingi, wakfu zilizosalia ziko leo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hukumu ya Abul Fata haikuwahi kutenguliwa na mahakama iliyoitoa.