Kaomwa, Kombe na Mwavi: Historia ya Kupima Dawa za Miti kwenye Pwani ya Ruvuma

Pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Mikindani kupita Ghuba ya Mnazi na rasi ya Msimbati hadi mlango wa Mto Ruvuma, hutajwa zaidi vitabuni kwa sandarusi, mpira, pembe na watumwa waliosafirishwa kutoka huko, na katika miaka ya karibuni kwa gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1982. Hata hivyo, pwani hiyo na nchi jirani zilizopeleka bidhaa zake huko zilitoa pia mizizi, mbegu na magome yaliyopimwa Ulaya muda mrefu kabla maabara yoyote haijajengwa Afrika Mashariki. Katika historia hiyo kila mpimaji alikuja na swali lake: mfanyabiashara alitaka kujua kama mali ni halisi, mkemia alitaka kujua mna nini ndani yake, na swali la mgonjwa, yaani kama dawa inaponya na kwa kipimo gani, lilichelewa sana kuulizwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kaomwa, mzizi wa mmea utambaao ambao wataalamu wa mimea huuita Jateorhiza palmata, na ambao kwenye biashara ya kimataifa ulijulikana kama kalumba. Mmea huu huota katika misitu ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na watu wa huko waliutumia kwa maradhi ya tumbo, hasa kuharisha na kuhara damu. Mizizi minene ilichimbwa, ikakatwa vipande vya mviringo, kisha ikaanikwa kivulini. Na kwa kuwa sehemu ya kati husinyaa kuliko ukingo, kipande kilichokauka hubonyea katikati, kikiwa na rangi ya manjano iliyofifia, ganda la kahawia na ladha chungu inayokaa mdomoni. Mara nyingi kilifika sokoni kikiwa na matundu ya wadudu, kwa sababu uchungu huo, ambao ndio uliowavutia matabibu, haukuwazuia dumuzi hata kidogo.

Ulaya iliufahamu mzizi huu mapema kuliko ilivyozifahamu nchi ulikotoka. Francesco Redi, daktari wa Firenze, aliutaja mwaka 1671 miongoni mwa mizizi iliyosifiwa kuwa dawa ya sumu, na mwaka 1773 Thomas Percival, daktari wa Manchester, akachapisha majaribio yake juu ya mzizi huo, akichunguza pamoja na mambo mengine uwezo wake wa kuzuia vitu visioze. Wanunuzi wengi waliamini kwamba ulitoka Ceylon, kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka, na kosa hilo halikusahihishwa kikamilifu mpaka mmea wenyewe ulipochukuliwa ukiwa hai kutoka Msumbiji na kupelekwa Madras mwaka 1805. Ni ajabu kwamba kwa zaidi ya karne moja watu waliweza kupima nguvu za dawa bila kujua iliota nchi gani, achilia mbali nani aliyeichimba.

Thamani ya kaomwa ilipopanda, mizizi mingine ya manjano iliuzwa kwa jina lake, na hapo ndipo kemia ilipopata kazi sokoni. Kaomwa halisi ina wanga mwingi, kwa hiyo ikidondoshewa iodini hugeuka rangi ya buluu iliyokoza. Tena haina tanini, ile kemikali kakasi iliyomo kwa wingi katika magome ya mikoko na inayotumika kutengenezea ngozi za wanyama, kwa hiyo maji yake hayawi meusi yakichanganywa na chumvi za chuma. Sifa hii ya pili iliwafaa wafamasia, kwa kuwa iliwawezesha kuchanganya kaomwa na dawa za chuma katika chupa moja. Wao waliuloweka mzizi katika maji baridi, kwani maji ya moto hutoa wanga pia na dawa huchacha upesi. Mwaka 1830 mkemia Wittstock alitenga kitu kichungu kilichoitwa kolumbini, na baadaye zikajulikana alkaloidi zake za manjano, yaani kemikali zenye naitrojeni ambazo mimea huzitengeneza na ambazo nyingi zina nguvu kubwa mwilini, mojawapo ikiwa palmatini.

Kisa cha kombe kilikwenda njia nyingine. Kombe ni sumu ya mishale iliyotengenezwa kwa mbegu za mmea wa jamii ya Strophanthus, na John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi, ambaye pia alipanda Mto Ruvuma kwa mashua mwaka 1862, aliikuta kwa wawindaji wa upande wa Zambezi na Shire. Jaribio lake la kwanza kwa mwanadamu halikupangwa: mswaki wake ulikuwa umekaa mfukoni pamoja na sumu hiyo kidogo, akasugua meno, akahisi uchungu aliodhania ni wa kwinini, na mapigo ya moyo wake, yaliyokuwa juu kwa sababu ya mafua, yakapungua. Thomas Fraser wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliichunguza sumu hiyo kwa miaka mingi, akatenga strofanthini, na mwaka 1885 akaitangaza kwa madaktari wa Uingereza kuwa dawa ya moyo. Mwaka 1906 Albert Fraenkel wa Ujerumani akaanza kuwachoma wagonjwa sindano yake mshipani. Hata hivyo, wawindaji walikwisha kujua kwamba nyama ya mnyama aliyepigwa mshale huo huliwa bila madhara kama sehemu inayozunguka jeraha imekatwa na kutupwa, na ujuzi huo ulitokana na majaribio pia, ingawa hakuna aliyeyaandika.

Mwavi ulikuwa kipimo kwa maana iliyopinduliwa, kwa sababu hapo hakikupimwa kimiminika bali mtu. Mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa maji ya gome la mti wa mwavi, Erythrophleum suaveolens, na akitapika alihesabiwa hana hatia, akifa alihesabiwa mchawi. Desturi hii ilienea miongoni mwa Wayao na majirani zao wa bonde la Ruvuma, na kwa kuwa kiasi cha gome na namna ya kulitayarisha vilikuwa mikononi mwa aliyelitwanga, si vigumu kuona kwamba hukumu ingeweza kuamuliwa kabla ya kikombe kuinuliwa. Mwaka 1876 Gallois na Hardy walitenga alkaloidi ya mti huo nchini Ufaransa, eritrofleini, ambayo huugusa moyo kwa namna inayokaribia ile ya strofanthini.

Utawala wa kikoloni ulipima mimea kwa jicho la shamba na forodha. Taasisi ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara, ilishughulika zaidi na mazao ya biashara, na Waingereza waliofuata walitunga mwaka 1928 sheria ya uchawi ambayo haikuwa na la kusema juu ya dawa zenyewe. Mpaka wa Ruvuma, uliokubaliwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, uliigawa misitu ya kaomwa baina ya tawala mbili.

Badiliko lilikuja mwaka 1974, kilipoanzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa taasisi kamili. Huko sehemu ya mti hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika ethanoli, kisha hiyo ethanoli huvukizwa mpaka ibaki dondoo, yaani kiini kizito kinachonata kama lami. Jaribio la kwanza huwa mara nyingi lile la uduvi wa maji ya chumvi, ambalo utaratibu wake ulichapishwa mwaka 1982: mayai huanguliwa, watoto wa uduvi hutiwa katika vichupa vyenye dondoo la viwango mbalimbali, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa ili kupata kiwango kinachoua nusu yao. Ni jaribio la gharama ndogo na linafaa kuchuja miti mingi haraka, lakini huonyesha sumu tu, nalo halitofautishi dawa ya saratani na sumu ya panya. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa Msimbati au kijiji jirani cha Madimba anayetumia dawa iliyochemshwa kwa maji hanywi kitu kilekile kilichotolewa kwa ethanoli, na mtafiti asiyemuuliza mganga kwanza jinsi anavyotengeneza dawa yake anaweza kupima kwa uangalifu mkubwa dawa ambayo hakuna mtu anayeitumia.

Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huchunguza dawa za miti ili kujua kama ni salama kwa mtumiaji. Uchunguzi huo humhakikishia mnunuzi kwamba hatadhurika kwa sumu. Kuhusu ugonjwa wake, haumwambii lolote.